Kofia Iliyobaki Juu ya Maji

Kigali, Jumamosi, 13 Juni 1992

Kwako Évode, mjukuu wangu, mume wangu mdogo uliyenitoroka,

Naanza kwa kukugombeza. Salamu zitafuata zikipata nafasi. Pasaka ya mwaka themanini na tisa ulikula kwangu sahani mbili za isombe, majani yale ya muhogo, ukafuta mdomo, ukasema unakwenda Bujumbura kufundisha na utarudi likizo. Likizo ngapi zimepita tangu hapo? Mimi sikusoma, lakini kuhesabu najua. Usiniambie habari za vita, maana vilikukuta umeshakaa huko mwaka mzima na zaidi bila kurudi. Na hata sasa mabasi ya Butare yanakwenda na kurudi. Watu wanashushwa kwenye vizuizi, wanaonyesha vitambulisho, wanapanda tena. Miguu yako ni ya sukari, itayeyuka?

Haya, salamu sasa. U mzima? Kile kifua chako cha msimu wa mvua kimepona? Unakula chakula cha moto au unakula mkate kama panya wa sakristia? Wanafunzi wako wanakusikia unapofundisha, au bado unasema na kidevu chako? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na isipokuwa kwamba nimekufa, jambo ambalo nitakueleza.

Utaona mwandiko huu si wa Joselyne, yule fundi wa nguo jirani yangu anayeniandikia barua siku zote. Usiulize kwanza. Anayeniandikia leo ana mkono mzuri kuliko wake, ila ana tabia ya kunisahihisha. Nikisema nimekasirika, anataka aandike nimehuzunika. Nimemwambia aandike nilivyosema.

Kitabu chako kilinifikia mwezi wa pili, kile cha jalada la kijani. Nilikinusa kabla ya kukifungua. Kilinuka dizeli ya lori lililokileta, nami nikakiweka kitandani upande wa ukutani, pale ulipokuwa unalala wewe.

Unajua jinsi mimi na Joselyne tunavyosoma. Mtu hawezi kukanyaga cherehani na kushika kitabu, kwa hiyo tuligawana kazi tangu zamani: yeye anasoma, mimi nashona vifungo na kupinda mapindo ya nguo za wateja wake. Kurasa kumi, mashati mawili. Kitabu kikiisha natia kifungo kimoja kwenye kopo la maziwa ya unga. Vimefika thelathini na kimoja. Chako nilikiwekea kifungo kikubwa cheusi cha koti kabla hata hatujakimaliza, kwa upendeleo.

Katika vitabu hivyo nimejifunza mambo ambayo nyinyi mliosoma hamniambii. Watu wa riwaya hawaumwi jino. Mmoja akikohoa sura ya pili, basi ujue sura ya tano tutamzika. Barua ikipotea, lazima ipotee ile moja tu yenye maana, wakati mimi nimepotewa na barua nyingi na hakuna hata moja iliyobadilisha kitu. Na bibi akiwemo kwenye hadithi, hafiki mwisho. Hilo nilikuwa nimeliona katika vitabu vya watu wengine, nikalicheka.

Joselyne akitaka kuanza sura ya kwanza, mimi namwambia ageuze kwanza, asome pale nyuma panaposema mwandishi ni nani. Nataka kumjua mtu kabla sijamwacha aingie nyumbani kwangu. Kuna mmoja aliandika kurasa mia tatu juu ya mama yake, maneno ya kukutoa machozi, halafu pale nyuma tukakuta kwamba aliishi ng'ambo miaka ishirini na mama akazikwa na majirani. Joselyne akasema labda huzuni ndiyo iliyomwandikisha. Nikamwambia nauli ingemtosha. Nyuma ya kitabu chako tulikuta: mwandishi ni yatima aliyelelewa na bibi yake Kigali. Nikamwambia Joselyne aendelee, asikae hapo.

Sura yako ya kwanza, ile ya baba kuzama ziwani, Joselyne alishindwa kuisoma. Alilia mpaka akapangusa pua na gauni la mteja. Baba yule mwalimu, aliyekwenda Bujumbura kwa siku mbili, akaruka majini kumwokoa mtoto asiyemjua, mtoto akatoka, yeye akabaki, na kofia yake ikaelea juu ya maji hadi jua likachwa. Joselyne aliniuliza kwa nini silii, mimi mama mzazi wa huyo aliyezama. Nikasema uzi umeniingia jichoni. Jibu gani hilo? Mtu mwenye uzi jichoni ndiye angelia.

Sura ya pili nikakutana na mimi mwenyewe. Hukubadilisha hata jina. Mukarugwiza wa Biryogo, mwenye kovu la chungu mkononi, anayegombeza kuku kwa Kiswahili na kuwabembeleza kwa Kinyarwanda. Nilifurahi, sitakuficha. Nilijiona nimevaa nguo mpya. Umeandika mpaka vile viazi vitamu nilivyokuwa narudi navyo kila Jumamosi kutoka Ndera, ukasema bibi alikuwa anavifuata mbali kote huko kwa sababu ya bei. Hapo nilishona kifungo upande usio wake. Ndipo tukafika sura ya tano, na mimi sikuonekana tena.

Nilingoja. Sura ya sita, sipo. Nikafikiri labda nimekwenda sokoni. Sura ya saba kijana anapata kazi, hakuna anayempongeza. Sura ya nane anapenda msichana asiyejua hata kusonga ugali, na hakuna anayemwonya. Nikamwuliza Joselyne, huyu bibi amenuna jikoni mpaka lini? Akasema waandishi wa siku hizi wanaacha mambo yaelee. Sura sita nzima, mume wangu, nimekaa na sindano nangoja nitoke jikoni.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumapili, wiki tatu zilizopita. Nilikuwa misa ya pili, benchi la tatu, mahali pangu. Ikafika saa ya kuwaombea marehemu. Padri Silvère, yule kijana mwenye miwani, akasoma majina kutoka kwenye karatasi, na la nne likawa: Mukarugwiza Felisita wa Biryogo, aombewa na rafiki yake wa utotoni. Watu wakageuka. Mke wa katekista akanigusa bega, sijui alikuwa anahakikisha nini. Mimi nikaitikia pamoja na wengine, Bwana utusikie, kwa sababu maombi hayakataliwi, na kwa sababu nilichanganyikiwa nikadhani labda wenzangu wanajua jambo ambalo mimi sijaambiwa.

Nje ya kanisa nikamkuta Connie. Unamkumbuka Connie, tuliyekua naye Buyenzi huko Bujumbura, sasa analima kule Kibagabaga. Amevaa kitenge cheusi, ana kapu la maharage na kigaloni cha pombe ya ndizi, amekuja kutafuta nyumba yenye msiba. Aliponiona alikaa chini pale pale kwenye changarawe.

"Mukarugwiza," akaniambia, "si ulikufa kwenye kitabu?"

Mkwe wake anafanya biashara Bujumbura, ndiye aliyemletea kitabu chako, na binti yake akamsomea. Kusikia jina langu, mtaa wangu, kovu langu, na kwamba aliyeandika ni mjukuu wangu niliyemlea, Connie hakuona sababu ya kuuliza zaidi. Aliniambia mjukuu hawezi kumzika bibi yake kwa mchezo, kwa hiyo kitabu ni taarifa. Alikuwa ameshalia siku mbili. Na bado alinigombeza mimi, kana kwamba ni mimi niliyemdanganya. Tulikaa kwangu, tukapika maharage ya matanga yangu, tukayala, tukainywa ile pombe. Connie alisema angalau amejua nani angekuja na nani asingekuja. Wewe hukuwepo katika orodha yoyote.

Joselyne nilimkuta kesho yake anajifanya anatia uzi kwenye sindano. Nikamwuliza nimekufa ukurasa gani. Akasema themanini na mbili. Kumbe alikuwa ameziruka kurasa nne na kuniambia zimegandana. Alisema hakuwa na mdomo wa kunisomea kifo changu huku nikimshonea vifungo. Nikamwambia asome.

Évode, kwanza nina malalamiko ya kazi. Mimi sijawahi maishani mwangu kuongea muda mrefu namna ile bila mtu kunikatiza. Umenilaza kitandani, umenikunja mikono, umenipa hekima nyingi kuhusu nchi na vijana, mambo ambayo sijui umeyatoa wapi. Ningekuwa nakufa kweli ningeuliza kama kuku wamefungiwa. Lakini mwishoni umenipa maneno machache, ambayo wewe uliyaandika kwa uzuri tu, bila kujua. Bibi anasema, "Niacheni niende, baba yake Évode ananingoja." Joselyne aliposoma hapo nilijichoma sindano hadi kwenye kucha, na damu ikaingia kwenye kola ya shati la watu.

Siku zile kichwa changu hakikutulia. Kila nilichoshika nilikisahau. Nilijiuliza kama mtu anayeandika kwamba aliye hai amekufa ametenda dhambi, na kama ni dhambi, kwa nini watu wanalipenda jambo hilo mpaka wanalia. Nikaenda kwa Padri Silvère. Alicheka kwanza, kwa sababu ya yale majina, akaniomba radhi. Halafu akaniambia kwa adabu, "Mama, hadithi si uongo. Anayesimulia na anayesikiliza wamekubaliana kabla ya kuanza."

Nikaridhika. Nikamshukuru, nikashika njia. Nilifika pale kwenye kona ya muuza maparachichi, nikasimama. Kwa sababu wewe ulikuwa na miaka minne. Wewe na mimi tulikubaliana lini?

Sasa kaa chini kama umesimama. Anayeniandikia ameweka kalamu, nami nimemwambia aishike.

Sura yako ya kwanza ni yangu. Wewe umeipamba, lakini niliitunga mimi, mwaka wa sabini na mbili, ukiwa umekaa kwenye kinu kilichopinduliwa na unaniuliza baba yuko wapi. Hakuna ziwa. Hakuna mtoto aliyeokolewa. Baba yako Jean-Berchmans hakwenda Bujumbura hata siku moja. Baada ya mama yako kufa alianza kuandika mashairi, mwanzo kwenye daftari, halafu kwenye kuta za darasa lake kwa makaa, kuta zote nne, halafu milango, halafu mikono yake mwenyewe. Hakulala. Hakula. Alisema akiacha kuandika mama yako atapotea kabisa. Walimu wenzake walimfunga kwa kamba ya mbuzi, nami nikawafukuza kwa mchi, kisha nikampeleka mwenyewe Ndera, kwa wale Mabruda wanaowatunza wagonjwa wa akili.

Niliogopa. Watoto wa mtaani walishaanza kukuita mtoto wa kichaa. Nilijua kesho hakuna shule itakayokutazama vizuri, na keshokutwa hakuna ukoo utakaokupa msichana. Baba aliyekufa kishujaa ni mzigo mwepesi kwa mtoto kuliko baba anayezungumza na ukuta. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nikamzamisha. Ukaniuliza kimebaki nini, maana mtoto hataki kitu kiishe chote, nami sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo, nikasema kofia. Ile kofia ilinitoka mdomoni hivyo hivyo. Leo Joselyne analia kwa ajili yake.

Viazi vya Jumamosi havikuwa na bei nafuu. Vilikuwa ghali kuliko vya soko la Nyamirambo, hapo karibu na kwetu.

Na daftari lako la mashairi, lile la ulipokuwa na miaka kumi, nililokwambia kwamba niliwashia mkaa kwa bahati mbaya: haikuwa bahati mbaya. Niliposikia umeandika shairi nilishikwa na baridi. Nilidhani mashairi yanaambukiza kama surua. Nililichoma ukurasa mmoja mmoja na nikakuangalia wiki mbili kama una homa. Ndiyo maana nasikiliza mashairi kuliko kitu chochote, mume wangu. Si kwa sababu nayaelewa. Nayachunguza. Nataka kujua ni neno lipi lililomchukua mwanangu. Katika vitabu vyote hivyo sijaliona bado, na siku hizi nafikiri labda maneno hayakumchukua, labda ndiyo aliyokuwa ameyashikilia asizame. Sijui. Mimi mambo haya yananichanganya, na wewe ndiye mwandishi, utanieleza.

Yu hai, Évode. Ana miaka hamsini na moja. Alitoka mara mbili, akarudi mara mbili, na miaka tisa sasa ametulia. Anakunywa dawa zake, analima kabichi za hospitali, anawafundisha wagonjwa wenzake kusoma. Anaandika kidogo kila siku, kwenye daftari tu, akimaliza anaosha mikono. Ni mvi tupu. Ana masikio yako.

Na mimi, kama haitoshi, nilitunga hadithi ya pili. Kila Jumamosi aliniuliza habari zako, nami nilimwambia ukweli wote, kazi yako, kifua chako, ubishi wako, isipokuwa kwamba hujui kama yupo. Aliniuliza utakuja lini. Nikasema ukikua. Ulipokua, nikasema ukimaliza shule. Ulipomaliza, nikasema ni mbali. Miaka ishirini alidhani unamkataa, na hakukulaumu hata mara moja. Alisema angekuwa wewe naye asingekuja.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea kitabu chako. Sikusema neno, nilikiweka mapajani mwake nikaenda kuangalia kabichi. Aliisoma sura ya kwanza, akarudi mwanzo, akaisoma tena. Niliporudi alikuwa amekifunga kitabu kidole chake kikiwa ndani. Akaniuliza ile kofia ni ya nani. Nikasema ni yangu, na sababu yake nikamweleza, na mengine yote nikayaeleza nikiwa nimesimama, kwa sababu goti lilikataa kukunjika. Alikishika kitabu vile vile mpaka kengele ya chakula ikapigwa na wenzake wakaondoka. Kisha akasema, "Umeniua vizuri, Mama. Hata mimi ningelia."

Na baadaye kidogo, kwa sauti nyingine, akasema, "Kwa hiyo hajui. Hakunikataa."

Nilimwomba msamaha. Hajanipa bado. Amesema anautafuta, akiupata ataniambia. Alichoomba ni kimoja tu, kwamba barua hii aiandike yeye. Sasa utazame vizuri mwandiko huu. Itazame karatasi, ni ya miraba, kwa sababu anasema mistari inamlazimisha kwenda upande mmoja. Tumekaa kwenye benchi huku Ndera tangu saa tatu asubuhi, mimi nasema, yeye anaandika, na pale nilipofika kwenye ile kamba ya mbuzi aliandika bila kunisahihisha hata neno moja.

Najua kila mwezi wa kumi na moja unakwenda pale ziwani na maua. Ulinieleza mwenyewe, na mimi nikakusifu. Nikikumbuka hilo natamani ule ukurasa wa themanini na mbili uwe kweli. Nikasirikie. Niandikie maneno mabaya, Joselyne atanisomea yote, sitamruhusu aruke hata mstari. Lakini mimi nina miaka sabini na kitu, na siku hizi barabara moja inafungwa asubuhi na nyingine jioni, na hakuna anayejua kesho itafungwa ipi. Usijibu kwa kitabu. Jibu kwa miguu.

Joselyne anakusalimu, anasema msichana wa sura ya nane angemwacha yule kijana. Connie anakusalimu kwa hasira, anataka umrudishie misa yake. Kuku ni saba. Ndimi bibi yako, niliye hai mpaka hapo nitakapokuarifu mwenyewe,

Mukarugwiza Felisita

Ukija, njoo Jumamosi, na usipitie Biryogo kwanza. Ukishuka kwenye basi la Butare, tafuta gari la Remera, na pale ulizia la Ndera. Maua usilete. Lete madaftari mawili ya miraba, na lete kofia, maana jua la kwenye kabichi linamchoma kichwani. Kipimo chake kijaribu kichwani mwako.